Kovu la Shangazi Atoo

Kila asubuhi, kabla Shangazi Atoo hajaenda kazini, Aryemo alimpigia viatu rangi hadi vikang'aa. Shangazi alikuwa sajini wa polisi, na waliishi katika kambi ya polisi, karibu na mtaa wa Ntinda. Walevi wa mtaa wa Kamwokya walimjua vizuri. Akitokea kona moja, wao hutokomea ya pili. Aryemo, msichana wa miaka kumi na miwili, alimpenda mno na alitaka kuwa kama yeye.

Lakini afande huyo alikuwa na jambo lililomnyima raha. Kwa miaka mingi alisuka nywele kwa kukaza sana, maana wanawake wa kambini waliamini kwamba msuko usiouma haukai vizuri chini ya kofia. Kumbe walijidanganya! Nywele za mbele ziling'oka kidogo kidogo mpaka paji la uso likapanda juu. Desemba mchumba wake, Oloya, angeleta wazee wake kujitambulisha, na shangazi aliapa kwamba hatatokea mbele yao na upara.

Basi yeye na Aryemo wakaenda kwa Daktari Akoth, Mkenya aliyesifika kwa kupandikiza nywele. Daktari alieleza kwamba nywele haziongezwi, huhamishwa tu, kama miche inavyotolewa kitaluni. Njia ya kwanza ni kukata ukanda wa ngozi kisogoni, kuugawa vipande vidogo na kuvipanda mbele; hiyo huacha kovu refu. Ya pili ni kutoa mzizi mmoja mmoja kwa chombo chembamba; hiyo huchukua saa nyingi na kuacha madoa madogo. Kwa njia zote mbili, nywele zilizopandwa hupukutika kwanza, kisha huota baada ya miezi, na kule zilikotolewa hazirudi tena. Aryemo alisikiliza mdomo wazi. Alistaajabu kwamba mikono ya mtu yaweza kufanya kazi ndogo namna ile.

Kisha daktari akauliza kama makovu ya shangazi huvimba na kukua. Shangazi akajibu hapana, bila kupepesa macho.

Aryemo akamgeukia. Yeye ndiye aliyempaka shangazi mafuta ya shea kwenye kovu la kifuani. Lilianza kwa kijipu tu, sasa lilikuwa nene kama kidole gumba, na lilimwasha kila siku. Alijua mtoto hakatizi maneno ya wakubwa, lakini angenyamazaje shangazi atobolewe kichwa kizima?

"Shangazi," akasema, "na lile kovu la kifuani?"

Shangazi akamtupia jicho lile la kuwatisha walevi. Hata hivyo akafungua kifungo. Daktari akalitazama kwa makini.

"Sikupasui," akasema. "Kila nitakapokutoboa paweza kuvimba hivi hivi. Acha kukaza misuko. Mizizi iliyo hai itaotesha nywele yenyewe. Mshukuru mtoto huyu."

Wakashika njia ya kurudi kambini. Walipofika Kamwokya, shangazi akaingia kwa kinyozi, akaagiza nywele zote zikatwe fupi, sawasawa. Lo, alipendeza! Akamshika Aryemo bega.

"Mimi hukamata waongo, na leo nimemdanganya daktari kwa sababu ya aibu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Daktari akikuuliza, mwambie kweli yote, hata kama itakuvunja moyo. Na ukiona mkubwa anajidhuru, sema kwa adabu, kama ulivyosema."

Desemba ilipofika, shangazi alitokea mbele ya wazee wa Oloya kichwa wazi, na Aryemo ndiye aliyemshika mkono.