Abiria wa Mwisho, Bibi Kobe

"Abiria wa mwisho, Bibi Kobe! Tafadhali fika mlango namba mbili. Ndege inakusubiri."

Binti alisimama katikati ya chumba, mwiko mbele ya mdomo kama kipaza sauti, mkono mwingine kiunoni. Alipomaliza akainama kama msanii anayeshangiliwa. Hakushangiliwa. Cherehani ya mama yake ilikuwa imenyamaza.

"Umesemaje?"

"Natangaza, mama. Si nilikwambia nimepata kazi ya kutangaza?"

"Ulisema ni ofisini."

"Ni ofisi. Ila... nje kuna ndege."

Mama yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi kwa kuwa hakuna bibi harusi pale ambaye hakupimwa naye, alivua miwani. Tangu binti huyu amalize shule alimpa ruhusa ya kufanya kazi popote chini ya jua, isipokuwa uwanja wa ndege. Na mtoto, kama ilivyo kawaida ya watoto, alikuwa amekwenda pale pale alipokatazwa.

"Rudia hilo jina."

"Lipi, Bibi Kobe?" Binti akacheka. "Mama, ule uwanja una vituko! Kila ndege ya lile shirika, kabla haijaondoka, lazima tumwite huyo Bibi Kobe. Kila siku! Abiria wanacheka, wanadhani kuna mwanamke mzembe kweli. Wala haji. Tukishamwita tunangoja sauti ya Mzee wa Juu kwenye redio."

"Mzee wa Juu ndiye nani?"

"Mwenye shirika. Ndege zote zile ni zake, lakini anaishi kwenye mnara wa zamani wa kuongozea ndege na hatoki. Chakula anavuta kwa kamba. Kuna wafanyakazi wameota mvi pale hawajawahi kumwona uso. Hata Meneja, mpwa wake wa damu, anamjua kwa sauti tu. Na sauti yenyewe ina maneno mawili: 'Fungeni mlango.' Asiposema, hakuna rubani anayethubutu kufunga. Tena kwanza ananyamaza. Ananyamaza weee, mpaka mnadhani kasinzia. Ndipo anasema. Ukimsikia nywele zinakusimama, mama. Kama mtu anayezika."

Fundi aliiweka miwani mezani.

"Na kuna kiti! Kila ndege ina kiti kimoja hakina kava, sponji nje, uchi wa mnyama. Hakikaliwi. Wahudumu wanasema ni cha jini. Wakipita wanakiomba samahani."

Fundi aliinuka. Akavuta sanduku lililokuwa chini ya kitanda, akatoa mashati ya marehemu mumewe, akatoa shuka za wageni, na chini kabisa akatoa kitambaa cha buluu kilichokunjwa vizuri, kimeshonwa kwa uzi mweupe kandokando. Kilikuwa na umbo la mgongo wa kiti, lakini si kiti chochote cha nyumba ile.

"Mama, hiki nini?"

"Kava la kiti cha jini," alisema Fundi. "Kobe ni mimi."

Mwiko ukaanguka.

*

"Huyo Mzee wenu alikuwa na kindege kimoja tu," Fundi alianza, macho kwenye kitambaa. "Kibovu, kimenunuliwa kwa mikopo na maneno matamu. Alikuwa rubani, fundi, na mfagiaji. Mimi nikamshonea makava. Tulikubaliana safari ya kwanza ya abiria ndiyo iwe yetu ya kwenda kwao kuoana. Jina la Kobe alinipa yeye, maana kila tukitoka pamoja mimi nilikuwa nyuma."

"Ulikuwa mzito toka zamani!"

"Nyamaza. Siku yenyewe lilibaki kava moja, la kiti changu. Akaniambia, 'Saa nne kamili nafunga mlango. Abiria wakiona nasubiri mchumba wangu, kesho nani atapanda ndege yangu?' Nikamwambia nakuja. Nikashona mbio, nikatoka mbio. Nilifika uwanjani kindege kipo palepale, mlango wazi. Nikakimbia, kava mkononi, naita. Nikaona mkono wake unatoka, unashika mlango, unauvuta. Ukafungwa. Akaondoka."

"Alikuona?"

"Hilo ndilo swali, mwanangu. Nimeliuliza miaka thelathini na ushee."

"Na Baba alijua?"

"Baba yako, Mungu amrehemu, alijua ameoa mwanamke anayechukia ndege. Hakuniuliza zaidi. Ndiyo maana nilimpenda."

Juu ya bati ndege ikapita. Miaka yote hiyo Fundi alikuwa na tabia moja ambayo binti hakuwahi kuielewa: ndege ikipita, alikanyaga cherehani kwa nguvu zote mpaka mlio upotee, hata kama hapakuwa na nguo chini ya sindano. Safari hii hakukanyaga. Aliusikiliza ule mlio kwa hofu. Kila moja, kumbe. Kila moja iliyowahi kupita juu ya kichwa chake ilikuwa imemwita kwanza.

"Usimwambie mtu," alisema. "Nakusihi, usimwambie."

*

Kesho yake mchana simu ya Fundi ikalia mlio wa ujumbe.

*Mama usinichape. Nimemwambia.*

*Umemwambia nani nini?*

*Mzee wa Juu. Kwenye redio. Kwamba Kobe yuko hai, anashona, na ndiye aliyenizaa.*

Fundi aliandika akafuta, akaandika tena: *Kasemaje?*

*Hajasema kitu. Shida ndiyo hiyo. Hajasema fungeni. Ndege zimesimama.*

Kisha simu ikaita. Nyuma ya sauti ya binti palikuwa na kelele za abiria, mtoto analia, na mwanamume anafoka.

"Mama, huyo ni Meneja. Anasema mjomba wake amerukwa na akili. Ameita daktari aandike hivyo, wamtoe mnarani leo hii kwa nguvu wamfungie hospitalini. Kamba za kumfunga zipo, mama, nimeziona!"

"Mwambie aseme hayo maneno mawili, yaishe."

"Mwambie wewe."

"Usithubutu kuni..."

Kulisikika mkwaruzo. Binti alikuwa amebandika simu kwenye redio. Kisha kimya, kimya kinachopumua. Fundi alikijua kile kifua. Kilikuwa kimezeeka, kina mluzi ndani yake, lakini alikijua.

"Kobe?"

Alishika ukingo wa meza ya cherehani.

"Funga mlango, watu waende zao," alisema.

"Siwezi."

"Mbona mara ile uliweza?"

"Niliweza. Na unaona yaliyonipata."

"Mimi siji."

Ule mluzi wa kifua ukapanda, ukashuka.

"Basi," ile sauti ikasema polepole, bila hasira, "tutasubiri."

Fundi alikata simu. Akachukua suruali ya mteja, akaishona mguu mmoja, akagundua ameufunga chini kabisa, hata unyayo usingepita. Akaifumua. Moyo wake ulikuwa ukimtukana kwa lugha zote. Mzee mzima anakwenda kufungwa kama mbuzi, na yeye ndiye kamba. Lakini hakuwa na hasira tena ya kumtosha kubaki nyumbani. Aliitafuta ndani mwake, akakuta imebaki aibu tu. Maana kulikuwa na sehemu ya kisa ambayo hakumwambia binti.

Akachukua kava, akafunga mlango, akaita teksi.

*

Uwanja ulikuwa umekua, lakini lami ilikuwa ileile, inachoma miguu. Binti alimpokea getini, akampitisha mbele ya abiria wanaojipepea kwa tiketi. Ndege tatu zilikuwa zimepangwa, milango wazi. Fundi alijua anatazamwa. Juu ya mnara vioo vyote vilikuwa vimebandikwa magazeti, isipokuwa upenyo mmoja unaotosha macho, umeelekea pale pale alipokuwa akipita. Miguu ilitaka kukimbia kama siku ile. Magoti yakasema hapana, kwa hiyo alitembea mwendo wake wa kobe, na kava mkononi.

Chini ya ngazi alisimama Meneja, jasho linamtiririka kwenye tai, pamoja na daktari mwenye mkoba.

"Mama, hapa hapaingiliki."

"Mjomba wako ananisubiri."

"Mjomba wangu anasubiri mzimu! Abiria mia mbili wamekwama kwa ajili ya mtu asiyekuwepo!"

"Meneja," binti akasema, "mzimu wenyewe ndio huyu. Mpishe apande."

Meneja alimtazama Fundi, kisha lile kava la buluu, kisha sponji ya kiti iliyoonekana kupitia mlango wa ndege iliyo karibu. Rangi ikamtoka. Akapisha.

Juu hapakuwa na mlango. Ilikuwepo fremu tupu, na bawaba zenye kutu zilizoachwa zikining'inia. Chumbani mlikuwa na kitanda, redio, kiti kimoja mbele ya ule upenyo, na kwenye kiti mzee mwembamba mwenye ndevu mpaka kifuani. Hakugeuka. Aliogopa kugeuka, Fundi aliliona hilo kwenye mabega.

"Umemaliza?" mzee aliuliza.

"Nilimaliza siku ileile."

"Umechelewa."

"Najua."

Hapo ndipo alipogeuka. Walitazamana wakiwa wazee, na kila mmoja akamtafuta mwenzake ndani ya yule mgeni aliyekuwa mbele yake.

"Nakuuliza neno moja tu," Fundi alisema. "Ulipovuta ule mlango, ulikuwa umeniona?"

Angeweza kudanganya. Mtu mwingine angedanganya.

"Nilikuona. Kitambaa cha buluu mkononi, kiatu kimoja kimekuvuka. Nilikuona vizuri sana. Nikasema moyoni, akizoea kusubiriwa leo, atanisubirisha maisha. Nikavuta. Nimekuwa nikikuona tangu hapo, Kobe, kila ndege. Unakimbia, na mimi navuta. Ndiyo maana sikumwachia mtu mwingine aufunge. Nani mwingine angetazama kwanza?"

Fundi alikaa ukingoni mwa kitanda, kava mapajani.

"Ulirudi," alisema. "Ulikuja nyumbani kubisha hodi."

"Siku tatu. Mama yako akasema umekwishaolewa mbali."

"Nilikuwa nyuma ya mlango. Mkono kwenye komeo. Nikisikia unavyolia." Alikuwa analia sasa yeye. "Mimi ndiye niliyemtuma mama aseme. Nilitaka uonje."

Mzee alinyoosha mkono, akapapasa ule uzi mweupe wa kava. Chini, mtoto wa abiria alikuwa bado analia.

"Nimeonja," alisema hatimaye, na kwenye ndevu likapita kitu kama tabasamu. "Lo, Kobe. Wewe kulipiza unajua."

Wakacheka, wanalia, kama watoto waliovunja chungu kimoja. Kisha redio ikakwaruza, sauti ya binti ndogo kabisa: "Shikamoo Mzee. Samahani. Mlango...?"

"Marahaba, mwanangu," alijibu Mzee wa Juu. "Fungeni."

Bila kunyamaza kwanza. Wafanyakazi wanasema ilikuwa mara ya kwanza.

*

Walioana mle mle chumbani, na shahidi mmoja alikuwa yule daktari aliyeitwa kuandika kwamba bwana harusi ni mwehu. Bibi Kobe hakuitwa tena uwanjani. Fundi alishona makava ya viti vyote vilivyokuwa uchi. Lile la buluu mume alikataa lisiende popote, akalitandika kwenye kiti chake mwenyewe. Magazeti ya vioo yakabanduliwa, jua likaingia. Lakini desturi ya kufunga mlango ilibaki. Na siku nyingine, mkewe akiwa ameketi pembeni yake na chai mkononi, mzee aliishika redio akanyamaza, macho kwenye lami.

"Unamtafuta nani? Mimi si niko hapa?"

"Wewe uko hapa," alimjibu. "Yule bado anakimbia."

Fundi hakumwonea wivu yule msichana. Alimwonea huruma. Alimshika mzee mkono mpaka aliposema maneno yake mawili.

Mvua zilipokwisha, mzee akafa, asubuhi, kitini, kama taa iliyoishiwa mafuta. Baada ya maziko Meneja alipanda ngazi, kofia mkononi.

"Mkaza mjomba," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, "sasa marubani wafunge wenyewe tu. Hakuna haja tena ya kusumbuana."

"Kweli," alisema Fundi. "Hakuna haja."

Meneja akashuka. Ndege ya kwanza ikajaa, mlango ukabaki wazi. Dakika zikapita. Fundi alitazama kutoka juu: mhudumu amesimama mlangoni, mkono umeshika, hafungi. Anatazama mnarani. Rubani naye kwenye kioo anatazama mnarani. Redio iliyokuwa juu ya kava la buluu ikakwaruza.

"Mama," sauti ya binti yake ilisema. "Wanaogopa. Hakuna anayeweza."

Fundi akaiokota redio. Maneno mawili tu. Alibonyeza kitufe, akafungua kinywa, na maneno hayakuja, kwa sababu macho yalikuwa yametangulia chini, kwenye lami tupu inayong'aa kwa jua, yanatafuta kama kuna mtu yeyote anayekimbia: kijana mwenye sare ya rubani na grisi mikononi, amechelewa kidogo tu, amechelewa kidogo tu.

Chini wote walisubiri. Walidhani kasinzia.

"Fungeni mlango," alisema.