Kijiko cha Pili

Kengele ya mchana ilipolia, sisi wa darasa la sita hatukukimbilia mlangoni kama madarasa mengine. Tulikimbilia ukuta wa nyuma. Pale, kati ya dirisha na kabati la vitabu, ilibandikwa karatasi kubwa yenye maneno KULA WAPI. Wengi wetu tulitoka mbali, hatukuweza kurudi nyumbani kula, na barabara iliyopita mbele ya shule ilikuwa na migahawa midogo kama sita hivi. Aliyekuta chakula kizuri aliandika. Aliyejua jambo la jikoni lenye faida naye aliandika.

"Mama wa dirisha la bluu: maharage yameiva, hayana mawe." "Yai likielea majini usilipike, limezeeka." "Mkate mkavu uweke juu ya mvuke wa sufuria, utalainika." "Kwa mzee wa supu nenda mapema. Ukichelewa utakunywa maji ya moto yenye jina la supu." Hilo la mwisho liliandikwa na rafiki yangu, na mzee wa supu alipolisikia alicheka mpaka akaongeza nyama.

Rafiki yangu tulimwita Kasuku, maana hakunyamaza hata akiwa na chakula mdomoni. Mimi waliniita Kijiko. Nilikuwa na kijiko changu mwenyewe, natembea nacho mfukoni, shingo imepinda upande. Babu yangu, fundi viatu, ndiye aliyekipinda siku alipokitumia kufungulia kopo la gundi. "Nimekitia kombo," alisema, "lakini mdomo hauna habari na shingo ya kijiko. Wewe kula nacho tu."

Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa ametuwekea sharti moja. "Msiandike mlichosikia. Andika ulichokula na ulichoona kwa macho yako, kisha tia alama yako." Kila mmoja alikuwa na alama: kofia, samaki, nyota. Alama yangu na Kasuku ilikuwa vijiko viwili vilivyopishana, changu kimepinda, chake kimenyooka. Tulinunua sahani moja tukala wote wawili. Mmoja wetu akikataa, hakuna kuandika. Ndiyo sababu watu waliviamini vijiko viwili kuliko alama nyingine yoyote. Hata mlinzi wa lango, tukipita, aliuliza, "Haya, vijiko vinasemaje leo?"

Babu naye aliviamini. Kibanda chake cha viatu kilikuwa nyuma ya ukuta wa shule, na meno yake yalikuwa manne tu. Kila siku nilimwambia wapi chakula ni laini, naye alinifuata kama mtu anayefuata taa.

Basi, pembeni mwa barabara pakafunguliwa mgahawa mpya. Mwenyewe alikuwa mama mdogo wa Kasuku, ambaye Kasuku aliishi kwake tangu mama yake alipokwenda kufanya kazi mbali. Jumanne tukaenda. Kabla ya kula nilizunguka nyuma kuosha kijiko changu, na huko nikaona mambo mawili. Sahani zote zilioshwa katika beseni moja, na maji yake yalikuwa meusi kama maji ya kudekia. Kando yake palikuwa na sufuria ya wali, haina mfuniko, wali umekauka pembeni na nzi wanatembea juu yake.

"Huo ni wa jana, mwanangu," mama mdogo alisema alipoona ninatazama. "Nitaupasha moto sasa hivi, hutajua."

Nilirudi mezani nikamnong'oneza Kasuku, "Mimi sili hapa."

"Kwa nini? Huyu ni mama mdogo, si chui."

"Maji ya beseni ni machafu. Na wali umelala wazi tangu jana."

Kasuku aligeuka akatazama mlango wa jikoni. Kisha akanishika mkono. "Usiandike hivyo, nakuomba. Mimi nalala kwake."

"Sitaandika," nikamwambia. "Lakini tusiandike hata kwamba ni kuzuri. Wiki ijayo turudi tuone."

"Sawa. Mimi na wewe."

Nilimwamini. Nilikuwa namwamini kama ninavyouamini mkono wangu wa kulia.

Jumatano sikwenda shule. Jino lilikuwa limenitesa wiki nzima, na siku hiyo mama alinipeleka likang'olewa. Jioni nilikuwa nimekaa nyumbani na pamba shavuni, mara babu akaingia ameshika tumbo, jasho linamtoka. Hakufika kitini. Alitapika mlangoni, akatapika tena, na mama alimshika asianguke. Tulimpeleka zahanati akiegemea bega la jirani. Muuguzi alimpa maji ya dawa yenye chumvi na sukari, anywe kidogo kidogo, akasema, "Mzee wa umri huu akiishiwa maji mwilini si mchezo. Leo hatoki hapa."

"Ulikula wapi, baba?" mama aliuliza.

"Kwa yule mpya wa pembeni," babu alijibu kwa sauti ndogo. "Kijiko leo hakuwepo, nikamuuliza mlinzi. Akaenda kuniangalizia. Akasema vijiko viwili vimepitisha."

Mama akanigeukia. Sijasahau macho yale. "Ni wewe uliyemwelekeza babu yako?"

"Mama, mimi sikuandika."

"Alama si yenu?"

"Ni yetu, lakini..."

"Lakini nini?"

Nikaangua kilio. Shavu liliuma, lakini si shavu lililoniliza.

Alhamisi asubuhi nilifika darasani kabla ya wote, nikaenda moja kwa moja kwenye karatasi. Mwandiko ulikuwa wa Kasuku. "Mgahawa mpya wa pembeni: wali laini, wa moto, sahani safi. Hata asiye na meno atakula." Chini yake vijiko viwili.

Nilisoma mara tatu. Hata asiye na meno. Kasuku alimjua mtu mmoja tu asiye na meno aliyefuata karatasi ile. Babu ndiye aliyemshonea viatu vyake vya shule bila kumdai kitu, na mara ngapi alimwita "mjukuu wangu wa mdomo"?

Siyo babu peke yake. Wenzetu wawili hawakuja shule, walilala kwao wakiumwa matumbo. Mwalimu alipoingia alisimama mbele ya karatasi akaisoma, halafu akauliza, "Vijiko viwili. Mlikula pale?"

Nilimwangalia Kasuku. Nilimngojea. Nilisema moyoni, atasema ukweli, ni rafiki yangu.

"Ndiyo, Mwalimu," Kasuku akasema. "Tulikula wote wawili, Jumanne."

Hakupepesa hata jicho. Darasa likachemka. "Kijiko cha sumu!" mmoja akapiga kelele kutoka nyuma. "Mlipewa sahani ngapi za bure?" mwingine akadakia. "Na babu yake mwenyewe kamlisha!" Hilo ndilo lililonichoma.

Nikatoa kijiko mfukoni. Nikatembea mpaka ukutani, nikakilaza juu ya karatasi, kando ya vijiko vyote tulivyochora tangu mwanzo wa mwaka.

"Mwalimu, tazama. Kijiko changu kimepinda kushoto. Changu mimi nakichora mwenyewe, na kila nilipokichora kimepinda kushoto. Hiki cha jana kimepinda kulia." Nikavuta pumzi. "Mimi sikuchora. Na Jumanne sikula hata punje."

Mwalimu akamtazama Kasuku. Kasuku akaanza kulia, kwanza polepole, halafu mabega yakatikisika.

"Wateja hawakuja," akasema. "Mama mdogo alisema mgahawa ukifungwa tutarudi shamba wote, na mimi shule basi. Nilijua nikiweka kijiko kimoja hawatakwenda. Ndiyo nikaweka na cha pili."

"Hicho cha pili kilikuwa chako?" Mwalimu aliuliza.

"Hapana."

"Uliazima?"

"Hapana, Mwalimu. Niliiba."

Nilidhani sasa nitafurahi. Sikufurahi. Mwalimu naye hakuniacha nikae. Alinigeukia kwa upole, jambo ambalo lilinitisha zaidi. "Na wewe Kijiko, Jumanne uliona nini?"

Nikaeleza beseni, nikaeleza sufuria na nzi.

"Ukamwambia nani?"

"Kasuku."

"Nani mwingine? Mlinzi? Babu yako? Mimi?"

Nikatazama vidole vya miguu yangu. Jumanne jioni nilikuwa nimekaa na babu, tumecheka, nimemwambia habari za supu. Habari za beseni sikumwambia, nisimharibie rafiki yangu. Neno moja tu lingemtosha babu.

"Rafiki yako kakusaliti, ni kweli, na hilo halina mjadala," Mwalimu akasema. "Lakini ukiona hatari ya afya ukaifunika, inaiva humo humo ndani. Ungekuja kwangu, tungekwenda kuzungumza na huyo mama bila kumtangaza mtu."

Mchana ule ule tukaenda watatu. Mama mdogo alikuja juu kweli kweli. "Watoto hawa wananiharibia jina! Wali wangu nimeupasha mpaka unatoa moshi!"

"Mama, tusigombane," Mwalimu akamwambia. "Wali uliolala nje usiku kucha unaweza kuumiza tumbo hata ukiupasha. Nikuulize moja tu. Wewe mwenyewe mchana huu umekula nini?"

Macho ya mama mdogo yakaenda kwenye rafu. "Mkate," akasema.

Aliitazama sufuria yake, akamtazama Kasuku aliyevimba macho, kisha akaibeba sufuria nyuma akaimwaga yote. Mwalimu akakunja mikono ya blauzi. Tukatafuta mabeseni mawili, moja la sabuni na moja la kusuuzia, na tukakubaliana maji yabadilishwe kila yanapochafuka. Kila sufuria ikapata mfuniko. Wali atapika kidogo asubuhi na kidogo mchana, usibaki wa kulala. "Kumbe kazi yenyewe ni hii tu?" mama mdogo akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. Kesho yake alikwenda zahanati, akaomba radhi kwa babu na mama yangu kwa mdomo wake mwenyewe.

Jumamosi babu alikuwa amerudi nyumbani, ameegemea mto, amekonda mashavu. Kasuku akaja. Alisimama mlangoni, hakuthubutu kuingia, mkononi ana bakuli la supu lililofunikwa vizuri.

"Karibu, mjukuu wangu wa mdomo," babu akasema. "Uliandika hata asiye na meno atakula. Ni kweli, alikula. Hukuandika kwamba ataurudisha wote mlangoni."

Kasuku akacheka na kulia kwa pamoja. Akapiga magoti kando ya kitanda. "Nisamehe, babu. Nisamehe na wewe, Kijiko."

Babu alimsamehe palepale. Mimi sikuweza. Nilikuwa bado naisikia sauti ya Kasuku ikisema "tulikula wote wawili", sauti ile ile aliyokuwa akinisimulia nayo siri zake.

"Siwezi kusema imekwisha," nikamwambia mwishowe. "Sitakuchukia. Lakini haijaisha."

Mama alitaka kunikemea, babu akainua mkono. Akaniomba kijiko changu. Akakishika kwa mikono miwili, akakibonyeza shingo polepole sana, kama anavyonyoosha ngozi ya kiatu. Kikasogea kidogo tu.

"Mnaona? Mimi nilikipinda kwa dakika moja, kwa haraka zangu za kopo la gundi. Nikitaka kukinyoosha leo kwa dakika moja, kitakatika. Imani ya watu ni hivyo hivyo." Akamtazama Kasuku. "Ukimwambia mtu kale pale, umemshika mkono ukamwingiza jikoni. Usimwingize mahali ambapo wewe mwenyewe ungekula mkate badala ya chakula cha hapo. Na shida ikikubana, sema shida, usiibe mkono wa mwenzako." Kisha akanitazama mimi. "Na wewe, ukweli unaoweza kumponya mtu usiufiche kwa kuogopa kumuudhi rafiki. Rafiki akiudhika atatulia. Mimi nusura nisirudi nyumbani."

Akanirudishia kijiko, akafunua bakuli. "Haya, nani ataonja kwanza?"

Kasuku akajichotea kijiko kimoja kwanza, akameza mbele yetu, bila kuambiwa.

Wiki tatu baadaye nilikwenda peke yangu kwenye mgahawa wa pembeni. Nilizunguka nyuma, nikatazama mabeseni, nikafunua sufuria, kisha nikakaa nikala sahani nzima. Kesho yake niliandika kwenye karatasi: "Mgahawa wa pembeni: nimeona jikoni, nimekula, nimeamka mzima." Nikachora kijiko kimoja, kimepinda kushoto, lakini si sana kama zamani.

Kando yake niliacha nafasi ya kijiko kingine. Kasuku aliiona. Akaichukua kalamu, akafikiri, akairudisha mezani.

"Bado," akasema. "Nitasubiri tukale wote."