Bakuli la Kaburi la Mwana Aziza

Kila asubuhi, baada ya chai, Bi Mwanapili alikaa barazani akasuka ukili wa mikeka. Miyaa yake aliiloweka kwenye sufuria kuukuu. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Aliona mwanga na kivuli tu, lakini kusuka hakukosea. Mtu akimchukulia mwaa mmoja kwa utani, aliutafuta kwa vidole, akaukosa, akasema, "Rudisha." Hakuinua hata kichwa.

Aliishi nje kidogo ya Msambweni, pamoja na mjukuu wake Swabir. Alimlea tangu mama yake Swabir alipofariki. Sasa Swabir alikuwa mtu mzima, fundi wa kujenga. Alikuwa fundi mzuri, na hakuna aliyelijua hilo vizuri kuliko yeye mwenyewe. Mkewe, Twaiba, alikuwa mtu wa Ramisi. Walikuwa na watoto watatu. Tangu kuzaliwa kwa yule wa tatu, Twaiba aliumwa mgongo, na kisima kilikuwa mbali. Kila ndoo aliyoitua kichwani, alishika kiuno kabla ya kunyooka.

Swabir aliliona jambo hilo na lilimuuma.

Mwaka huo alipata kazi Diani, ya kutengeneza ukuta wa nyumba ya kukodi. Ndani ya nyumba kulikuwa na mgeni kutoka Ulaya. Mgeni yule alipenda vitu vya kale. Alimwuliza Swabir kama ni kweli kwamba zamani watu wa pwani walijengea mabakuli kwenye makaburi.

Swabir akajibu kwa fahari kwamba ni kweli, na kwamba hata kwao lipo. Katika kichaka nyuma ya kijiji chao kulikuwa na kaburi la mawe lenye mnara. Alizikwa humo bibi yao wa zamani, Mwana Aziza. Kwenye mnara palijengewa bakuli la kauri, jeupe, lenye samaki wa buluu.

Mgeni alimwuliza shida yake kubwa nyumbani ni nini. Swabir akasema, maji. Wakaelewana.

Basi asubuhi moja Swabir alikwenda kaburini na nyundo, tindo na mwiko. Alitindua chokaa polepole, kidogo kidogo, mpaka bakuli likatoka zima. Kisha akaliziba tundu, akalisawazisha, akalipaka udongo lifanane na ukuta wa kale. Hakujiona mwizi. Alijiambia kwamba kaburi ni la kwao, na mtu haibi cha kwao. Wiki iliyofuata tangi kubwa jeusi lilisimama nyuma ya nyumba, pamoja na pampu na mipira ya kuvutia maji. Twaiba alilia kwa furaha. Mumewe alimwambia ni zawadi kutoka kwa tajiri wa Diani, na hilo halikuwa uongo wote.

Ukafika mwezi wa Shaabani. Kila Shaabani, Bi Mwanapili alizuru kaburi la Mwana Aziza. Alisoma Fatiha, kisha aliweka mkono kwenye bakuli na kutaja majina. Alianza na mama yake, akapanda kwa mama wa mama yake, mpaka majina saba. La mwisho lilikuwa Mwana Aziza. Majina hayo hayakuandikwa popote. Wanawake wa ukoo waliokuwa wakiyajua walikuwa wamekufa, amebaki yeye.

Twaiba alibaki na watoto, kama kila mwaka. Swabir akamshika bibi mkono, wakaenda wawili tu.

Bi Mwanapili alisoma Fatiha. Kisha akanyoosha mkono. Akapapasa juu, akapapasa chini. Vidole vilipita kwenye ukuta laini.

"Swabir, umenileta kaburi jingine."

"Ndilo hili, bibi."

"Bakuli liko wapi?"

Hapo ndipo Swabir alipokuwa na nafasi ya kusema kweli. Alilifikiria tangi, akaufikiria mgongo wa mkewe, akaifikiria na aibu yake.

"Bakuli gani, bibi?" akasema.

Mkono wa Bi Mwanapili ulikuwa ungali ukutani. Alipapasa tena, taratibu. Kisha akaushusha mkono na kuufuta kwenye kanga. Siku hiyo hakutaja majina. Swabir alimrudisha nyumbani na kumwambia apumzike, jua ni kali.

Kuanzia siku hiyo Bi Mwanapili alibadilika. Alisuka, akasimama, akafumua. Alimwuliza Twaiba, "Mimi nimeshaswali?", na kumbe alikuwa ameshaswali. Watu walipomwuliza jambo la zamani, ndoa ya fulani au shamba la fulani, aliwaambia wamwulize mwingine. Kichwa chake, alisema, kimekwenda. Ikafika siku akaiacha kabisa miyaa. Alikaa barazani mikono mapajani, na nyuma yake maji yalishuka kwenye mfereji wa tangi, naye akatawadha kwa maji hayo mara tano kila siku.

Swabir aliyaona yote haya. Nitasema wazi, kwa sababu sipendi kumpamba: alikuwa na neno moja la kumponya bibi yake, na alilala nalo miezi minne.

Katika mwezi huo wa nne ukaja ugeni. Mwanamke mmoja alifika akiongozwa na mzee wa mtaa. Jina lake Everline, mzaliwa wa bara, afisa wa makumbusho. Alikuwa akizunguka kijiji kwa kijiji na picha kwenye simu yake. Alivua viatu, akaketi mkekani, akamwamkia Bi Mwanapili.

"Shikamoo, nyanya."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Everline alieleza kilichomleta. Mtalii mmoja alirudi kwao Ulaya. Kwenye uwanja wa ndege wa huko, maafisa wa forodha walifungua sanduku lake. Ndani ya taulo walikuta bakuli la kale, chokaa imeganda nyuma. Walimwuliza kibali cha kulitoa Kenya, hakuwa nacho. Wakalizuia. Mtalii alisema amelipata karibu na Msambweni, jina la kijiji halijui.

Twaiba, aliyekuwa akimenya muhogo, aliuliza kwa nini walizuie wao, na si lao.

"Kwetu ni kosa kutoa nchini kitu cha kale bila kibali cha serikali," Everline akasema. "Lakini pwani ni ndefu, dada, na masanduku ni mengi. Hatuwezi kuyafungua yote. Kwa hiyo nchi nyingine nazo zimeweka sheria kwenye mlango wao. Kitu cha kale cha watu wengine hakiingii kwao bila karatasi kutoka kilikotoka."

"Na hiyo inasaidia nini?"

"Mnunuzi akijua kwamba kitamkwama mlangoni kwake, ataogopa kununua. Asiponunua, hakuna wa kumtuma mtu kubomoa kaburi."

Twaiba akakubali kwamba hiyo ni akili. Akaiangalia picha. Alisema ni bakuli zuri, lakini yeye hajapata kuliona. Everline akamgeukia Bi Mwanapili. Alimwambia shida iliyobaki ni moja. Wenzao huko wako tayari kulirudisha. Lakini wanahitaji kujua limetoka mahali gani hasa, na wapate mtu aliyelijua kabla halijatolewa.

"Bila hivyo, hii bakuli itakaa ndani ya boksi. Haitakuwa na kwao."

"Hili bakuli," Bi Mwanapili akasema polepole. "Halitakuwa na kwao."

Everline akacheka kidogo na kuomba radhi kwa Kiswahili chake cha bara. Akamwuliza kama anakumbuka bakuli lolote kwenye makaburi ya hapa, lenye samaki.

Bi Mwanapili alitikisa kichwa.

"Bakuli gani, mwanangu?" akasema. "Usiniulize mimi. Nilikuwa nikilidhani lipo. Nikaenda, nikapapasa, hapana kitu. Mimi kichwa changu kimekwenda."

Swabir alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amerudi kula, na alikuwa amesikia tangu neno la forodha. Sasa alisikia maneno yake mwenyewe yakitoka kinywani mwa bibi yake. Everline hakuwa akijua lolote. Aliendelea kueleza tu, akasema kwamba aliyelitoa lile bakuli hakulivunja hata kidogo, na bila shaka alikuwa fundi mzuri.

Swabir aliingia, akapiga magoti mbele ya mkeka.

"Bibi, kichwa chako hakijakwenda popote. Siku ile ulikuwa kwenye kaburi lenyewe. Bakuli nililitoa mimi, na tundu nikaliziba mimi."

Kisu cha Twaiba kikasimama kwenye muhogo.

"Ulinishika mkono ukanirudisha nyumbani," Bi Mwanapili akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Ukaniambia nipumzike."

"Ndiyo, bibi."

"Na tangi?"

"Ndilo nililopewa."

"Na maji niliyokuwa nikitawadhia? Ya bakuli la kaburi?"

Swabir aliinamisha paji mkekani. Alilia kama mtoto, mbele ya mgeni, mbele ya mkewe, mbele ya mzee wa mtaa. Bibi hakumnyamazisha. Alijivuta, akakaa wima. Mikono yake ilitafuta pembeni, mahali sufuria ya miyaa ilipokuwa ikikaa zamani.

"Andika, mwanangu," akamwambia Everline. "Samaki ni wawili. Wa juu ana jicho, wa chini hana, fundi alimsahau. Ukingo wa chini una pengo dogo, linaingia ncha ya kidole hiki cha mwisho. Kutoka kwenye pengo kuna ufa mwembamba mpaka kwenye mkia wa huyo wa chini."

Everline aliikuza picha. Samaki wa chini hakuwa na jicho. Ukingo wa chini haukuonekana, ulifunikwa na karatasi ya namba. Aliandika ujumbe palepale, na baada ya siku mbili jibu likarudi kutoka Ulaya. Waliiondoa ile karatasi. Pengo lipo, na ufa upo, mpaka kwenye mkia.

Lakini kabla ya jibu kulikuwa na jambo la Swabir. Alijitetea kidogo, kwamba kaburi ni la kwao, si la serikali. Everline hakumkaripia. Alimwambia ni kweli ni la kwao, na ndiyo maana wao ndio wa kwanza kupaswa kulilinda. Kulibomoa na kukitoa nje kilichomo, sheria inakataza, awe ni mtu wa kwao au wa mbali. Kisha akamwambia ni afadhali aende polisi mwenyewe kuliko kufuatwa. Swabir alikwenda, mzee wa mtaa akimsindikiza.

Kesi ilisikilizwa, naye akakiri kosa. Hakufungwa jela, kwa kuwa alijitokeza mwenyewe na bakuli halikupotea. Alihukumiwa kuitumikia jamii miezi sita kwa kufyeka kichaka cha makaburi na kuinua ukuta wake ulioanguka. Tangi lilichukuliwa kama ushahidi. Twaiba akarudi kisimani, na kwa siku nyingi hakuzungumza na mumewe ila kwa lazima. Ikabidi fundi mzuri abebe ndoo mwenyewe, alfajiri, kabla ya kwenda makaburini. Kumbe tangu mwanzo alikuwa na mgongo mzima.

Everline alirudi mara kadhaa. Kila kaburi lilipigwa picha, likapimwa, likaandikwa kwenye daftari la makumbusho. Aliwafundisha wanakijiji mambo ya kufanya. Ukikuta kitu cha kale, kwenye shamba au kwenye msingi wa nyumba, usikichimbue na usikioshe. Kiache kilipo, kipige picha, umwambie chifu au makumbusho. Mtu akija kukuuliza kama unacho cha kuuza, kumbuka sura yake, na toa habari mapema. Wanawake ndio waliojitolea kuyaangalia makaburi kwa zamu, na jina la Twaiba likawa la kwanza kuandikwa.

Bi Mwanapili alirudia ukili wake. Majina aliyataja tena, na safari hii Everline aliyaandika yote saba.

Bakuli lilirudi mwaka uliofuata, wiki mbili kabla ya Shaabani. Makumbusho walikubali lirudi mahali pake, kwa kuwa sasa kaburi lilikuwa kwenye daftari na lilikuwa na walinzi. Kazi ya kulijengea alipewa Swabir, huku mtaalamu akimsimamia. Alikatazwa kutumia saruji, kwa sababu saruji inayaharibu mawe ya kale. Alitumia chokaa, kama waliomtangulia.

Kabla halijawekwa, Bi Mwanapili aliomba kulishika. Alizungusha kidole cha mwisho kwenye ukingo mpaka kikaingia kwenye pengo. Alikaa hivyo kidogo. Kisha akampa mjukuu wake, mkononi.

"Sijakusamehe kwa maji," akasema. "Kwa bakuli nimekusamehe. Hilo la maji muombe Mungu."

"Nimesikia, bibi."

Swabir alilikandamiza bakuli kwenye chokaa mbichi. Alipaswa kulishika kwa viganja viwili bila kutikisika, mpaka chokaa ianze kukamata. Hakuweza kwenda popote. Bi Mwanapili alilijua hilo, akasogea karibu.

"Sasa taja majina," akamwambia.

Swabir alianza, kama alivyomsikia bibi yake kila Shaabani. Alimtaja Chiku, mama yake bibi. Akamtaja Maimuna, na Dama. Akamtaja Mwanasiti, akamtaja Mwanakombo, akamaliza na Mwana Aziza. Viganja havikutoka kwenye bakuli.

"Umemruka Mbodze," akasema Bi Mwanapili. "Anza tena."

Swabir akaanza tena.