Lulu za Ziwani

Kila asubuhi kabla ya shule, Kalondu alifagia vumbi jekundu la Voi uani kwa shangazi yake, Wayua. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, wa kwanza darasani, na alidharau karibu kila mtu.

Siku moja mwaka wa 1956, baba yake, Maundu, aliyekuwa mpishi wa meli, alituma kifurushi kutoka Japani. Ndani mlikuwa na barua na mkufu wa lulu ndogo zilizopindapinda. Shangazi akaanza kuwasomea Kalondu na jirani yao Margaret.

"'Lulu hizi zimekuzwa ziwani. Watu humfungua chaza kidogo, wakampandikiza kipande cha nyama ya chaza mwenzake, wakamrudisha majini...'"

"Ziwani?" Kalondu akabetua midomo. "Lulu ni za baharini, tena za mviringo. Hizi ni kama mchele uliovunjika! Baba ameuziwa vioo. Mpishi atajua nini?"

"Acha basi barua isomwe yote," Margaret akasema.

"Nyamaza! Kwenu Kasigau mmeona nini zaidi ya ndovu?"

Margaret akaondoka bila kuaga. Shangazi akaikunja barua, akaenda zake kazini hospitalini.

Kalondu alijua kwamba siki haidhuru kioo. Akakata uzi wa mkufu, akatia lulu moja ndani ya kikombe cha siki, akakificha. Kesho yake jioni alipoitoa, ilikuwa imepauka na kubanduka kama chokaa. Haikuwa kioo.

Punde shangazi akauona uzi. "Umekatwa, na lulu moja haipo. Margaret alikuwa humu jana. Naenda kumuuliza mama yake."

Kalondu akaifumbata lulu kiganjani. Nani angemshuku yeye? Lakini shangazi alipofika mlangoni, Kalondu alimkimbilia.

"Shangazi, ngoja! Ni mimi." Akafumbua kiganja.

Shangazi aliipokea lulu ile. Kisha akaichukua barua, akasoma palipobaki: "'Humngoja chaza huyo miaka mitatu, wakimwangalia siku zote. Mtunzie Kalondu mkufu huu hadi amalize shule.'"

Kalondu akalia kwa kwikwi.

"Utamwandikia baba yako ukweli wote," shangazi akasema. "Lulu nitazitunga upya. Sasa nenda kwa Margaret."

Alikwenda, akaomba radhi kwa yale maneno ya Kasigau. Mwishowe Margaret alimpa mkono.

Aliporudi, shangazi alimketisha. "Umesema kweli kabla mwenzako hajachafuliwa jina; kwa hilo umefanya vyema. Lakini dharau ni uvivu, mwanangu. Anayedharau hataki taabu ya kujifunza. Unaweza kuwa wa kwanza darasani mpaka uzeeke, na bado ukabaki mjinga."