Mlango wa Nyuma wa Kiwanda cha Biskuti

Jumanne, saa kumi na mbili alfajiri, gari la kupeleka vibarua kiwanda cha biskuti liliondoka kwa wakala wa ajira Hoekstra, mjini Grand Rapids, Marekani, likiwa nusu tupu. Vibarua saba hawakutokea. Jana yake jioni walikuwa wamepata ujumbe kutoka simu ya ofisi: kesho hakuna kazi, rudini Jumatano, mpitie mlango wa nyuma.

Hakuna aliyekiri kuutuma. Namba ya siri ya simu ile ilijulikana na ofisi nzima, lakini simu hukaa mezani kwa Darlene Pruitt, mpangaji wa zamu. Keith Lindgren, ofisa wa wateja, ndiye aliyemtaja kwanza. Mwenye kampuni, Bwana Hoekstra, akataka kumfukuza siku hiyo hiyo.

Marva Tibbs, polisi mstaafu aliyekuwa akichunguza waombaji kazi pale, aliomba apewe asubuhi moja tu. Alimpenda Darlene, na hakuona haya kulisema.

Alianza na dereva, Otis, ambaye wiki iliyopita alirushiana maneno na msimamizi wa kiwanda. Otis alicheka. Tangu Jumamosi alikuwa kitandani na mafua. Leo ndiyo kwanza ameshika usukani.

"Na Darlene kaniambia niwashushe mlango wa mbele, kama siku zote," alilalamika. "Tunafika, umepigiliwa mbao. Kumbe lori liliugonga jana mchana. Tumezunguka kwenye theluji kama kuku waliofungiwa nje."

Marva akamshukuru, akaenda kwa Darlene. Alimkuta amekwisha kupanga vikombe vyake kwenye boksi. Akamwuliza wale saba wanafanana kwa lipi.

"Wiki hii wanatimiza miezi mitatu, dada. Kiwanda kingewaajiri moja kwa moja. Sasa wamekosa siku, kwa sheria ya kiwanda wanaanza upya." Machozi yalimlenga. "Mimi ndiye niliyewapeleka kule. Ningewafanyia hivyo nipate nini?"

Saa tano Marva aliwakutanisha wote ofisini kwa Hoekstra. Keith alikuja na donati yake.

"Keith, jana mchana ulikuwa wapi?"

"Kiwandani, nilipeleka kalenda za wateja. Kila mtu anajua."

"Uliingilia mlango gani?"

Keith aliacha kutafuna.

"Aliyeandika ujumbe alijua mlango wa mbele haupitiki," Marva alisema. "Darlene hakujua hata leo asubuhi. Otis alikuwa kitandani. Wewe umezoea kuhudumia watu, Keith, hata ukiwadanganya unawaelekeza njia."

Keith hakukana. Bonasi yake ilitegemea vibarua waliobaki kwa wakala, na saba wangeondoka kwa mpigo. Akamgeukia Hoekstra.

"Wewe mwenyewe, bosi, kila Jumatatu kikaoni unatuambiaje? Kibarua akiajiriwa kiwandani, kwetu amekufa. Mimi nimewazuia wasife."

Maneno yalikuwa ya Hoekstra mwenyewe. Aliona aibu mbele ya watu wake. Alimwambia Keith aache funguo mezani, kisha akamwomba Darlene arudishe vikombe mahali pake.

"Na wale saba?" Darlene aliuliza, bila kuinuka.

Kuwatetea ilikuwa ni kuwapoteza wote kabla ya wiki kwisha. Hoekstra aliinua simu, akapiga kiwandani mwenyewe.

"Kosa ni letu, si lao," alisema. "Siku ya leo wahesabieni."

Hapo ndipo Darlene akainuka, akachukua boksi lake, akaenda kurudisha vikombe mezani pake.