Kasha Lisilopumua

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, msichana mmoja alifagia karakana ya mjomba wake. Alikusanya vumbi la chuma na vipande vya bati, akavitia kwenye debe, kisha akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, maana mama yake hakutaka kuona alama nyeusi kwenye sare. Watu wote walimwita Bisibisi. Tangu akiwa mdogo, hakuna kitu kilichofungwa kwa skrubu kilichopona mikononi mwake. Redio aliifungua. Pasi aliifungua. Siku moja aliifungua kengele ya mlango, na mgeni wa watu akapiga hodi mpaka sauti ikamkauka.

Mjomba alikuwa fundi wa kuchomelea. Alitengeneza milango, madirisha na masanduku ya chuma, na masanduku ndiyo yaliyokuwa fahari yake. "Sanduku langu," alipenda kusema, "hata sisimizi akitaka kuingia, ataomba ufunguo."

Mtaani kwao kulikuwa na ukumbi wa vijana, na kila mwaka ukumbini hufanyika mashindano ya mbio za magari ya kwenye kompyuta. Sharti lake ni moja: kila timu ije na kompyuta iliyoundwa na mmoja wao kwa mikono yake mwenyewe. Mwaka uliopita Bisibisi alikwenda na rafiki yake Kasuku, mvulana wa nyumba ya pili, aliyekuwa akiongea hata anapopiga mswaki. Kompyuta yao ilikuwa ya kuungaunga, vipande vya kuokota huku na huku. Iliganda kabla ya kona ya kwanza.

"Gari lenu limeota mizizi!" alipiga kelele Bosi, kijana mrefu wa timu iliyokuwa ikishinda kila mwaka. Ukumbi mzima ukacheka.

Kicheko kile kilimkaa Bisibisi kooni kama mwiba wa samaki. Likizo nzima aliacha kucheza. Alipiga msasa fremu za madirisha, alipaka rangi, alibeba vyuma, na mjomba akamlipa kama alivyowalipa vibarua wake wengine. Mashindano yalipokaribia, alimchukua Kasuku wakaenda kwa Mama Vipuri.

Mama Vipuri aliuza vifaa vya kompyuta, vipya na vikuukuu. Miwani yake ilining'inia kifuani kwa kamba, na maneno yake hayakuwa na sukari.

"Shikamoo, Mama Vipuri."

"Marahaba. Mmekuja kununua, au mmekuja kupunga upepo wa feni yangu?"

"Tunataka kuunda kompyuta ya michezo," alisema Bisibisi.

Mama Vipuri akavaa miwani. "Basi kaeni. Kompyuta hainunuliwi kama pipi." Akaweka mezani kibamba kipana cha kijani. "Hii ni madabodi. Ndiyo uti wa mgongo, kila kitu kinachomekwa hapa. Na hii prosesa ndiyo akili yake. Chukueni, tuendelee."

Bisibisi aliinua prosesa kwa ncha za vidole, akaigeuza, akaichungulia, kisha akaichungulia madabodi. "Hizi haziendani, mama. Hii haiwezi kukaa hapa."

"Kumbe una macho!" Mama Vipuri akacheka, akatoa prosesa nyingine chini ya meza. "Nilikuwa nakupima. Wengi huvipeleka hivyohivyo nyumbani, wakavilazimisha, wakavunja."

Wakachagua ramu, na Mama Vipuri akaeleza kwamba hiyo ni kama meza ya kazi: ikiwa finyu, fundi hodari naye atakwama. Wakachagua diski ya kuhifadhia michezo. Walipofika kwenye pawa saplai, ile sehemu inayogawa umeme, Kasuku alitaka ya bei ya chini. "Thubutu!" alisema Mama Vipuri. "Ukimnyima farasi majani, usimdai mbio."

Ikabaki kadi ya picha, ile inayochora magari na barabara kwenye skrini. Mama Vipuri aliweka mbili. Moja ilikuwa ndogo, nyeusi, haina mvuto wowote. Ya pili ilikuwa kubwa, ina feni mbili na taa za buluu. Kasuku akanyamaza. Hilo halikuwa jambo dogo.

"Ndogo inawatosha," alisema Mama Vipuri. "Na mtabakiwa na pesa ya kununua kasha zuri lenye matundu na feni. Hii kubwa ina nguvu, lakini inatoa joto kama jiko. Simuuzii mtu asiye na kasha linalopitisha hewa."

Kasuku akamkanyaga Bisibisi mguu. "Kubwa!" akanong'ona. "Bosi atalia machozi!"

Bisibisi aliziangalia taa za buluu. Alikisikia tena kile kicheko. "Kasha tunalo nyumbani, mama," akasema.

"Linapitisha hewa?"

"Ndiyo, mama. Sana."

Uongo ule ulitoka laini kama mafuta.

Nyumbani, Bisibisi alimwomba mjomba amtengenezee kasha la chuma la kuwekea kompyuta. Mjomba alifurahi kama aliyepewa tuzo. Aliuweka kando mlango wa mteja, akashika kipimo. "Liweje?"

"Liwe imara, mjomba. Na vumbi lisiingie. Vumbi ni adui wa kompyuta."

Habari ya hewa hakuigusa. Alijiambia kwamba tundu la kupitishia waya litatosha. Mwenye haraka hujidanganya upesi.

Mjomba alikata, akachomelea, akasaga kwa tupa, akapaka rangi. Kasha lilipokamilika lilikuwa na bati nene, mfuniko wenye mpira pembeni ili usiachie hata ufa wa uzi, na kufuli. Kasuku alilizunguka. "Limetulia," akasema. "Lakini taa zetu nani ataziona?"

Siku moja kabla ya mashindano, Bisibisi alipanga kila kitu ndani, akachomeka nyaya, akafunga skrubu ya mwisho, akawasha. Skrini ikang'aa. Magari yaliteleza barabarani kama maji. Kasuku alipiga ukelele, mama akatoka jikoni akidhani kuna nyoka.

Kisha skrini ikawa nyeusi, ti!

Wakasubiri, wakawasha tena. Gari likakata kona chache, skrini ikazimika. Wakawasha tena, ikawahi kuzimika zaidi. Bisibisi akaweka kiganja juu ya kasha, akakiondoa upesi. Lilikuwa la moto kama pasi.

"Kadi ni mbovu," alisema Kasuku.

Bisibisi aliliangalia kasha. Kilichokuwa kibovu alikijua.

"Sikiliza," Kasuku akaendelea, "tumrudishie Mama Vipuri, tumwambie katuuzia kadi mbovu. Atatupa ile ndogo pamoja na kasha la dukani. Kesho tunakimbia. Au unataka kumwambia mjomba wako kwamba sanduku lake linapika kompyuta?"

Bisibisi alimtazama mjomba akiwa ng'ambo ya ua, anamwonyesha jirani kwa mikono jinsi alivyoupinda mfuniko ule. Hakuwa na ubavu wa kumwambia. Akaichomoa kadi, wakaenda.

Mama Vipuri aliposikia kadi ni mbovu, uso ulimshuka. "Mbovu? Niliijaribu mwenyewe."

"Inazimika, mama," alisema Kasuku haraka. "Inazimika kila mara."

Mama Vipuri hakubisha. Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Basi yule kijana anayeniletea kadi kuukuu amenipiga changa la macho. Nimemwamini tangu anaanza, hana hata baiskeli. Wateja wangu siwezi kuwatia hasara kwa ajili yake." Akachukua simu. "Leo biashara yake na mimi imekwisha."

Simu ikaanza kuita upande wa pili. Bisibisi aliusikia mlio wake. Kijana yule alimjua kwa sura. Hupita mtaani na boksi mgongoni, akiwasalimu watoto wote. Simu ikaita tena. Kasuku akamkanyaga mguu.

"Kata simu, mama!" Bisibisi alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyotaka. "Kadi ni nzima. Mimi ndiye mbovu."

Mama Vipuri akakata simu, akamtazama.

Bisibisi akasema yote: kwamba siku ile hakuwa na kasha, kwamba alizitamani taa, kwamba mjomba alitengeneza alichoambiwa, na kwamba kasha halina hata tundu la kupitisha pumzi. Kasuku alikuwa akiangalia dari kana kwamba kuna kitu kimeandikwa pale.

"Umeniambia uongo mara mbili," alisema Mama Vipuri polepole. "Wa kwanza umekuunguza wewe. Wa pili ulikuwa unakwenda kumuunguza mtu ambaye hajakukosea chochote."

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Na wewe, mtazama dari?"

"Nisamehe, mama," alisema Kasuku. Yalikuwa maneno yake machache kuliko yote ya mwaka ule.

 Mama Vipuri akaitia kadi mkobani, akachukua feni mbili kuukuu rafuni, akafunga duka. "Nipelekeni nikalione hilo jeneza."

Mjomba alipoambiwa kwamba kasha lake lina kasoro, alisimama wima kama mlingoti. "Kasoro? Sanduku langu? Mwambie mwizi yeyote aje alifungue!"

"Shemeji," alisema Mama Vipuri, "mwizi atakuja kuiba nini humu, majivu?"

"Hata maji hayaingii!"

"Ndiyo maana na joto halitoki!"

Wangeendelea hivyo mpaka jioni. Bisibisi akaingia katikati yao. "Mjomba, wewe unaweza kuchomelea siku nzima ndani ya chumba kisicho na dirisha?"

"Nani? Ningeanguka."

"Basi kompyuta nayo imeanguka. Ilihitaji hewa, mimi nikajua, nikakuficha. Kosa ni langu, si la mkono wako."

Mjomba alilitazama kasha, akamtazama mpwa wake. Hasira ilimtoka taratibu, kama puto lenye kijitundu. "Mtoto wewe! Mimi natengeneza madirisha miaka yote, na wewe unaona tabu kuniomba dirisha?"

Akawasha kekee. Mbele ya kasha alitoboa matundu, lakini si ya hovyo. Aliyapanga kwa umbo la maua, kama nakshi za madirisha ya wateja wake wakubwa, akaweka wavu mwembamba wa kuzuia vumbi. Nyuma akakata duara. Bisibisi akafunga feni moja ya kuvuta hewa ya baridi kuingia na nyingine ya kusukuma joto kutoka. Mjomba hakutosheka. Alikata ubavu mzima wa kasha, akatia kioo. Walipowasha, taa za buluu ziling'aa kupitia kioo kile, na Kasuku nusura amkumbatie Mama Vipuri.

"Niache," alisema Mama Vipuri. "Na feni zile si bure. Likizo ijayo mtakuja wote wawili kunisafishia vipuri kwa brashi."

Siku ya mashindano ukumbi ulijaa pomoni. Bosi aliwaona wakiingia wanasaidiana kubeba kasha, jasho linawatoka.

"Jamani, wameleta sefu ya benki!" akasema.

"Ndiyo," alijibu Kasuku. "Tumekuja kuweka kombe lako."

Kazi ya kuendesha ilikuwa ya Kasuku. Ya Bisibisi ilikuwa kuangalia tarakimu ya joto kwenye pembe ya skrini. Mbio ya mwisho ndiyo ilikuwa ndefu kuliko zote, na kompyuta yoyote itakayozimika imetoka. Magari yakaondoka. Bosi akatangulia. Tarakimu ya joto ikapanda. Ikapanda tena kidogo. Kisha ikasimama. Nyuma ya kasha feni ilikuwa inapuliza joto nje bila kuchoka.

"Inakaa!" alimwambia Kasuku. "Kanyaga mafuta!"

Kasuku aling'ata ulimi na kukata kona. Picha haikukwama hata mara moja. Alimfikia Bosi kwenye mteremko, akamfuata kwa nyuma kama kivuli, na kwenye kona ya mwisho Bosi alipotanuka kidogo, gari la Kasuku likapenya ndani na kuwa la kwanza kuvuka mstari.

Ukumbi ulilipuka. Mama yake Bisibisi alipanda juu ya benchi akapiga vigelegele. Mjomba alimshika mtu asiyemjua na kumwambia, "Matundu yale nimetoboa mimi!" Bosi naye alikuja, akainama kutazama ndani ya kioo, akaona jinsi nyaya zilivyopangwa. "Nani kaunda hii?" akauliza.

"Mimi," alisema Bisibisi.

Bosi akampa mkono. "Mmeshinda kihalali. Mwakani nitawatafuta."

Walipotoka nje na kombe, Mama Vipuri aliwasimamisha mlangoni. Alikuwa na tabasamu, ingawa alijitahidi kulificha.

"Nataka mlibebe neno hili pamoja na kombe lenu," akasema. "Jana kadi ilikuwa hiyohiyo, prosesa hiyohiyo, na mikono hiyohiyo, na mlikuwa mmeshindwa. Mliposema kweli, mimi nikajua cha kuleta na mjomba wenu akajua cha kutoboa. Hakuna fundi duniani anayeweza kukutengenezea kasoro unayomficha. Ukikosea, sema mapema. Aibu yake ni ya muda mfupi, na msaada uko karibu kuliko unavyofikiri."

"Tumekuelewa, mama," alisema Bisibisi, na safari hii alimtazama machoni.

"Vizuri." Mama Vipuri akamgeukia mjomba. "Na wewe, shemeji, nina wateja watatu humo ndani wanataka kasha kama lile. Unaweza?"

"Naweza," alisema mjomba, akikunja mikono ya shati. "Waje. Lakini kwanza waniambie kinachokaa ndani kinahitaji nini."