Sare Kumi na Mbili Zilizopwaya

Kila asubuhi mama mshonaji alifungua duka, akapangusa cherehani zake mbili, kisha akamkazia macho mkamwana wake akiingia. Mwanawe alikuwa ameoa mwanamke mweupe. Yeye na mwanawe walikuwa weusi.

"Watu wa rangi ile nawajua," aliwaambia wanawake bombani. "Anakuchekea huku anakuibia."

Chuki hiyo haikutoka hewani. Miaka ishirini baba yake alivuliwa nguo kila jioni kwenye geti la kiwanda, na wakubwa weupe, ati asije akaiba uzi. Hakuiba hata sindano. Binti yake alimsubiri nje, akaona yote. Hakusahau. Na kwa nini asahau?

Siku moja mkamwana alileta futi mpya ya kupimia nguo. Mama mshonaji akamnyang'anya.

"Hapa tunatumia yangu. Umekuja kunikosoa?"

"Basi mama, yaishe."

Wiki hiyo zahanati iliagiza sare kumi na mbili za wauguzi. Vipimo waliandika wenyewe kwenye karatasi. Mkamwana akakata, mama mshonaji akashona. Sare zikarudishwa zote. Zilipwaya kama magunia.

"Hujuma hii! Umebadilisha karatasi!" Mama mshonaji alinyakua mkoba wa mkamwana, akaumwaga sakafuni. Kitana. Leso. Picha ya mumewe. Basi.

Mkamwana hakulia. "Nimechoka kupekuliwa, mama. Leo naondoka. Mwanao ataamua mwenyewe."

Kelele zikamleta seremala wa jirani, penseli sikioni. "Mnachinjana humu?"

Alisikiliza, akaomba futi ya mama mshonaji. Akailaza juu ya rula yake ya chuma. Sentimita mia za futi zilifika mia na tatu za rula.

"Futi ya kitambaa huvutika," alisema. "Hii yako imerefuka. Ukimpima mteja kwayo, ukakata kwayo, kosa halionekani. Zahanati wamepima kwa futi yao, nyie mkakata kwa hii. Itupe. Na hiyo mpya, ilinganishe na chuma kila mwezi."

"Lakini hawa watu, mzee..."

"Hawa nani? Nilikuwa nyuma ya baba yako kwenye foleni ile, uchi kama yeye! Waliotuvua nguo nawakumbuka kwa majina, mmoja mmoja. Nikipata pa kuwashtaki leo, naenda kwa miguu. Huyu alikuwa hata hajazaliwa. Sasa wewe umemwaga mkoba wa nani?"

Mama mshonaji alitazama sakafu. Alijiona yuko kwenye geti lile lile, ila safari hii upande wa wapekuaji. Akapiga magoti, akaokota kitana, leso, picha.

"Nimekukosea, mwanangu."

"Na bombani unaniita mwizi. Huko nako umenikosea."

"Nitakwenda kusema."

"Twende wote. Nataka kusikia."

Bombani wanawake walikuwa wamejaa. "Vipi, umemtimua?" mmoja akauliza, akicheka.

"Nimemsingizia," alisema mama mshonaji, kwa sauti ya kufika barabarani. "Kosa lilikuwa langu. Atakayemsema kwa rangi yake, aanze na mimi."

Ndoo ya mtu ilijaa, ikafurika.

Mkamwana hakuondoka. Walizipunguza sare zote kwa futi mpya, na zahanati ikaagiza nyingine ishirini. Mkamwana alikata peke yake, na mama mshonaji hakuinuka kwenda kumchungulia.